Sabuni Iliyofungiwa Sandukuni

(Hotuba iliyotolewa kwa wananchi wa kata ya Kisondela, wilaya ya Rungwe)



Nimetumwa na ofisi kuzungumza nanyi juu ya haki na wajibu wa mlaji. Mazungumzo ya namna hii kwa desturi huanza na mizani na risiti. Leo naomba tuanze na kipande cha sabuni.

Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Mheshimiwa Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amethibitishwa nchini. Siku iliyofuata shule zilifungwa, na siku moja baadaye vyuo. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi Dar es Salaam. Kabla ya kupanda basi la kurudi nyumbani Tukuyu nilinunua chupa 12 za vitakasa mikono kwa bei iliyokuwa mara tatu ya ile niliyoizoea. Sikupewa risiti, wala sikuidai. Chupa hazikuwa na jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Pamoja na hayo yote nilijiona mtu mwenye busara kuliko abiria wenzangu.

Niliposhusha boksi lile, mama alizigeuza chupa moja moja, kisha akauliza, "Na hawa watoto wanaokuja kucheza na wadogo zako, wao watanawa na nini?" Sikuwa na jibu. Tulipofungua chupa ya kwanza ilinukia manukato matupu, bila dalili ya spiriti. Hilo lilikuwa kosa langu kama mnunuzi. Swali la mama lilihusu kosa kubwa zaidi, na ndilo lililonileta mbele yenu.

Hapa kwetu wengi hatununui mche mzima wa sabuni, tunakatiwa kipande. Mtu anayelipwa kwa kilo za majani ya chai aliyoyachuma hununua kipande cha sabuni, robo ya sukari na mafuta ya kupimiwa, na kesho kutwa hurudi tena dukani. Tuchukulie kwamba duka la kitongoji lina miche 30 ya sabuni, inayotakiwa kuzitosha kaya 60 mpaka mzigo mwingine utakapofika kutoka mjini. Kila mche ukikatwa vipande vinne, hivyo ni vipande 120, viwili kwa kila kaya. Sasa habari ya ugonjwa inatangazwa redioni. Wanakuja watu watano wenye fedha taslimu, kila mmoja anabeba miche sita, na kabla ya saa nne asubuhi rafu ni tupu. Kaya 55 hazina sabuni. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyevunja sheria, na kila mmoja wa wale watano anaweza kusema aliwafikiria watoto wake.

Lakini je, amewakinga? Kipindupindu hupita katika maji na mikono michafu. Marburg, iliyotokea mkoani Kagera Machi 2023 na tena Januari 2025, huambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au vitu vilivyochafuliwa nayo. Hata korona, ambayo tulikuja kufahamu kwamba husambaa zaidi kwa hewa, ilitudai mikono safi. Mtoto wangu anachota maji kisima kimoja na mtoto wa jirani, anakaa naye dawati moja, wanashikana mikono njiani. Miche sita niliyoifungia sandukuni haimfikii huko. Mikono ya jirani ndiyo kinga yangu, na mimi ndiye niliyeinyima sabuni.

Sisemi kwamba kuweka akiba ni dhambi. Mkulima asiyeweka akiba tunamcheka. Kuna akiba, kuna kuhodhi, na kuna kulangua, na tofauti zake zimo katika wakati na nia. Akiba hukusanywa kidogo kidogo wakati bidhaa ni tele, na haimpunguzii mtu. Kuhodhi ni kununua kupita mahitaji wakati wengine wanatafuta. Kulangua ni kuhodhi ili uwauzie wale wale uliowatangulia, kwa bei unayoitaka. Wazee waliopo hapa wanakumbuka sabuni na sukari zilivyokuwa adimu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na jinsi Waziri Mkuu Edward Sokoine alivyoendesha msako wa walanguzi mwaka 1983. Baadhi ya watu walizitupa bidhaa usiku kwa hofu ya kukutwa nazo. Fikirini hasara hiyo: sabuni imetupwa, na watu hawajaoga.

Tuliona jambo linalofanana na hilo mwaka 2020, kwa upande wa sukari. Mvua zilikuwa kubwa, viwanda huwa havizalishi vizuri katika msimu huo, mwezi wa Ramadhani ulikuwa unakaribia, na juu ya hayo kulikuwa na hofu ya ugonjwa. Bei ikapanda mpaka Serikali ikatangaza bei elekezi mwezi Aprili. Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika tena, safari hii bila korona, na bei elekezi zikatangazwa tena. Malimau na tangawizi navyo vilipanda bei watu walipoanza kujifukiza. Nchini Uganda ilikuwa chumvi, kitu ambacho hakuna kaya inayoweza kukila kwa gunia. Hofu huchagua bidhaa yake bila kuuliza kama ina maana.

Sheria inasemaje? Wengi hudhani kwamba ofisi kama yetu inaweza kumwamuru kila muuzaji bei. Bidhaa nyingi hazina bei iliyopangwa na Serikali. Hata hivyo, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inawakataza wafanyabiashara wanaoshindana kukaa na kupatana bei, na inakataza kumdanganya mlaji kuhusu ubora au asili ya bidhaa. Chupa zangu 12 zingeweza kuwa shauri, kama ningekuwa na ushahidi. Nchini Kenya, Machi 2020, Mamlaka ya Ushindani iliamuru duka kubwa moja liwarudishie fedha wateja waliouziwa vitakasa mikono kwa bei iliyopandishwa isivyo halali. Mtu asiye na risiti angejitambulishaje? Daini risiti hata pale mnapokuwa na haraka, na zaidi pale mnapokuwa na hofu.

Sasa niseme juu ya akiba yenyewe, maana Kisondela si Dodoma. Mvua zetu ni nyingi, na miezi ya Machi hadi Mei nyumba nzima huwa na unyevu. Sukari hugeuka uji ndani ya mfuko, sabuni huyeyuka, unga huota ukungu. Mahindi yaliyowekwa kabla ya kukauka huzaa sumukuvu, sumu isiyoonekana kwa macho. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na huko ni kukavu kuliko kwetu. Anayekimbilia kununua magunia matatu ya mahindi katikati ya masika anaweza kuwa ananunua ugonjwa wa pili. Kausheni mahindi vizuri, yawekeni juu ya chaga mbali na ukuta, na tumieni mifuko isiyopitisha hewa kwa kiasi mtakachokula. Ndizi, viazi na magimbi vilivyoko shambani ni ghala ambalo wakazi wa mjini wanatuonea wivu. Kinachotupasa kununua mapema ni kile tusichokilima: chumvi, sabuni, viberiti, mafuta ya kula. Chakula cha wiki mbili au tatu, kinachotumika na kujazwa tena, kinatosha kaya iliyotakiwa kukaa ndani. Mwenye mgonjwa wa kisukari au presha awe na dawa za mwezi mmoja kwa ushauri wa mhudumu wa afya. Huyo hahodhi.

Mtafiti Monica Wilson, aliyefanya kazi miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika kwa kirefu juu ya ukwangala, yaani ile raha ya kukaa, kula na kunywa pamoja ambayo wazee wetu waliithamini kuliko mali. Ugonjwa wa mlipuko hutunyima hilo hasa: hatuwezi kuzunguka chungu kimoja. Ndiyo maana naona ni lazima tupange mapema njia nyingine. Kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kununua katoni ya sabuni kwa bei ya jumla wakati wa kiangazi na kuitunza kwa mwanakikundi mmoja. Balozi anajua ni bibi gani anaishi peke yake na wajukuu. Chakula kikawekwa kizingitini kwake bila kuingia ndani. Kibuyu chirizi kikiwekwa njia panda, sabuni yake iwe zamu ya nyumba kwa nyumba. Mambo haya hayahitaji fedha kutoka wilayani.

Nanyi wenye maduka, mna uwezo ambao ofisi yetu haina. Mnaweza kusema, "Kila mteja vipande viwili," na mtu mwenye fedha nyingi akasubiri kama wengine. Atanuna, lakini atarudi, kwa sababu duka ni lenu na mtaa ni mmoja.

Mama mmoja aliniuliza mlangoni kama unga ulioota ukungu unaweza kuanikwa juani ukaliwa. Hauwezi, mama. Jua haliondoi sumukuvu, kuupika hakuiondoi, na kuku nao wasipewe. Ufukie. Sasa naomba wenye maduka wabaki kidogo. Nimekuja na karatasi za kubandikia bei, na ningependa tuzijaze pamoja kabla mvua haijaanza.