Vitabu vya Hadithi na Watoto Wetu

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nimeagizwa na Halmashauri niseme machache juu ya shauri la kuanzisha maktaba ndogo katika shule yetu ya msingi, ili watoto wapate kusoma kwa furaha yao wenyewe. Najua ya kuwa shauri hili limewekwa mbele yenu pamoja na lile la kujenga lango la mawe penye njia ya kuingilia shuleni, na ya kuwa akiba iliyomo mkononi mwa Mweka Hazina haitoshi mambo yote mawili. Mimi ni karani. Kazi yangu ni kuandika yaliyoamuliwa, wala si kuamua. Lakini maadamu nimepewa ruhusa, nitasema kwa uwazi, nikiwaomba radhi wale walionitangulia kuliona jua.

Neno hili "kwa furaha" limewatia wengine shaka. Wameuliza: Je, mtoto hupelekwa shuleni akafurahi, au akafundishwe? Swali hili ni la haki, nalo lastahili kujibiwa kwanza.

Tukumbuke jinsi sisi wenyewe tulivyojifunza kusema. Kule Pwani msimuliaji huita "Paukwa!" na watoto huitikia "Pakawa!" Huku bara nako kila watu wana mwito wao. Chungu kilipokuwa jikoni, bibi alianza hadithi, nasi tukasogea karibu. Hapakuwa na mtu wa kutuuliza asubuhi yake tutaje wanyama watatu waliomo katika hadithi ile, wala hapakuwa na alama nyekundu pembeni. Hata hivyo, ni wapi tulikopata methali, mafumbo, na maneno yale mazito ambayo mzee huyatumia anapopatanisha watu? Tuliyapata pale jikoni, kwa sababu tulitaka sana kujua sungura ameponaje mtegoni. Mafundisho yaliingia pamoja na furaha, kama chumvi iingiavyo katika mchuzi. Basi kila mzee aliyeketi hapa ni shahidi wangu.

Kwa kusoma mambo ni yale yale. Mtoto anayeanza kusoma hutamka herufi moja moja, na afikapo mwisho wa sentensi amekwisha kusahau mwanzo wake. Nguvu zake zote zimeishia katika kutambua maneno. Haikubaki nguvu ya kuelewa. Lakini akisoma kurasa nyingi zilizo nyepesi kwake, jicho lake huzoea kulitambua neno zima kwa mara moja, kama sisi tunavyomtambua jirani kwa mwendo wake kabla ya kuuona uso. Hapo ndipo akili hupata nafasi ya kufikiri juu ya kinachosemwa. Dawa ya jambo hili ni wingi wa kurasa, na hapana mtoto asomaye kurasa nyingi kwa amri. Kwa amri husoma ukurasa mmoja, akaacha. Husoma mia moja kwa kutaka kujua hadithi itaishaje.

Hatuwezi kusema kwamba Serikali haikufanya kitu. Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bila malipo mwaka 2003. Mpango wa Tusome, ulioenea katika shule za msingi za serikali tangu mwaka 2015, ulitia mkononi mwa watoto wa madarasa ya chini vitabu vya kujifunzia kusoma Kiswahili na Kiingereza. Hayo ni mema, nasi tunashukuru. Lakini kujua kusoma ni jambo moja, na kupenda kusoma ni jambo jingine. Tangu mwaka 1985 hata mwaka 2023 watoto wetu walisoma wakiutazama mtihani wa KCPE. Wengi, siku ile ya mwisho ya mtihani, walikitua kitabu chini kama mchukuzi atuavyo gunia, wala hawakukiinua tena. Mtihani ule umekwisha kuondolewa, lakini desturi ya kukiona kitabu kuwa mzigo haikuondoka pamoja nao.

Tena kuna jambo linalowahusu hasa watoto wa watu wa hali ya chini. Mwaka 2000 shirika la OECD lilichunguza usomaji wa vijana wa miaka 15 katika nchi 32. Kenya haikuwamo, lakini jambo lililoonekana latufaa sisi pia. Vijana ambao wazazi wao walikuwa na kazi za chini kabisa, lakini wenyewe walipenda sana kusoma, waliwapita kwa alama vijana ambao wazazi wao walikuwa na vyeo vikubwa lakini hawakupenda kusoma. Wazee wangu, hatuwezi kumpa kila mtoto wa kwetu baba mwenye cheo. Lakini kumpa kitabu cha kupendeza tunaweza.

Sasa nawaomba tutazame nyuma kidogo. Jijini Nairobi kuna jengo la Maktaba ya McMillan, lenye nguzo kubwa mbele, lililofunguliwa mwaka 1931. Mwafrika alipita nje akaziangalia nguzo, wala hakuruhusiwa kuingia kusoma mpaka mwaka 1958. Katika miaka hiyo wenye kiu ya kusoma walitafuta njia nyingine. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilipeleka masanduku ya vitabu vya kuazimwa na kuwaazima wengine kwa njia ya posta. Baada ya Uhuru, sheria ya Bunge ya mwaka 1965 iliunda halmashauri ya huduma ya maktaba ya taifa. Na mwaka 1996 huduma hiyo ilianza kuwapakia ngamia masanduku ya vitabu huko Garissa, ili watoto wa wafugaji wapate kusoma nyikani. Ikiwa ngamia aweza kuwafikishia watoto vitabu katika jua lile, itakuwaje watoto wetu wakose vitabu vilivyomo ndani ya shule yao wenyewe?

Nasema "vilivyomo" kwa makusudi. Katika kuzunguka kwangu na barua za Chama nimeingia katika ofisi za shule kadhaa, nami nimeona kabati zenye vitabu vizuri vya hadithi, vimepangwa barabara, na kufuli mlangoni. Vingine havijapata kufunguliwa tangu viletwe. Kurasa zake zingali zimeshikamana. Mchwa ndio wasomaji wake wa kwanza. Simlaumu mwalimu hata kidogo. Kanuni yamtaka ajibu kwa kila kitabu kipoteacho, wala haimwulizi neno juu ya kitabu kisichosomwa. Mtu wa namna hiyo atafanya nini ila kufunga? Zamani mlango ulifungwa na wakoloni. Kufuli hili la leo hakulitia Mzungu, nalo twaweza kulifungua sisi wenyewe kwa azimio moja la mkutano huu.

Hapa nitasema kama karani. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kweli, na mimi mkate wangu naupata kwa methali hiyo. Lakini daftari lina kurasa mbili, ya faida na ya hasara, nasi hatuna budi kuzisoma zote mbili. Natoa mfano tu wa hesabu. Tuseme tumenunua vitabu 200, tukavifungia mwaka mzima. Mwisho wa mwaka vyote 200 vipo, na waliosoma ni sufuri. Sasa tuseme tumeviacha viazimwe, na vitabu 20 vikapotea au vikararuka, na kila kimoja cha vile 180 vilivyobaki kikasomwa na watoto kumi. Hapo tumepata visomo 1,800 kwa bei ya vitabu 20. Mfanyabiashara gani aliyemo humu atakayeikataa biashara hiyo? Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto ni gharama ya kazi, kama jembe lililoliwa na udongo. Kitabu kilichooza kabatini ndicho hasara.

Basi Halmashauri inapendekeza taratibu hizi.

Kwanza, kabati liwe wazi katika saa zilizowekwa, na mtoto achague mwenyewe. Ili asichukue kitabu kinachomshinda, afundishwe kukifungua katikati na kusoma ukurasa mmoja, akikunja kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikikunjika kabla ya mwisho wa ukurasa, kitabu hicho na kingoje kidogo. Na kijana mkubwa akichagua kitabu chepesi, asichekwe. Huko ndiko kujizoeza.

Pili, kitabu kiende nyumbani. Daftari la kuazimia liwe na safu nne tu: jina la mtoto, jina la kitabu, siku ya kukichukua na siku ya kukirudisha. Watoto wa Gredi ya Tano na ya Sita walitunze daftari hilo kwa zamu, chini ya mwalimu mmoja. Kila kitabu kivikwe jalada la karatasi ngumu na kupigwa mhuri wa shule, na kila mtoto aje na mfuko wa kukikinga na mvua.

Tatu, kusiwe na mtihani juu ya vitabu hivi, wala adhabu, wala muhtasari wa lazima. Mtoto akitaka kumsimulia mwenzake alichosoma, vema. Akinyamaza, vema vile vile.

Nne, mwalimu asome kwa sauti mbele ya darasa kwa dakika kumi kila siku, na akomee mahali patamu. Kesho yake watoto watakitafuta kitabu hicho wenyewe.

Tano, vitabu viwe vya lugha ya nyumbani, vya Kiswahili na vya Kiingereza. Vya Kiswahili havikosekani. Hekaya za Abunuwasi peke yake zimechekesha vizazi kadhaa. Vya lugha ya nyumbani ndivyo vilivyo haba. Lakini tangu mwaka 2014 mpango uitwao African Storybook umekuwa ukitoa hadithi fupi za watoto zenye picha, katika lugha nyingi za Afrika zikiwamo za Kenya, na umempa kila mtu ruhusa ya kuzichapa bila kulipia haki ya mwandishi. Gharama yetu itakuwa karatasi, wino na uzi wa kushonea.

Wengine wameuliza kwa nini kazi hii iwe ya Chama. Katiba ya mwaka 2010 iliziweka maktaba katika orodha ya kazi za serikali za kaunti, na shule za msingi zikabaki chini ya serikali kuu. Kabati la hadithi ndani ya shule laweza kusahauliwa katikati ya nyumba hizo mbili. Mahali hapo katikati ndipo hasa chama cha ustawi kinapofaa.

Wazee wangu, ninyi nanyi mna sehemu ambayo fedha haiwezi kuinunua. Tunawaomba mzee mmoja au bibi mmoja aende shuleni alasiri moja kila mwezi akawasimulie watoto hadithi alizozipata kwa babu zake. Watoto wakubwa waziandike, wazishone ziwe vijitabu, na jina la msimuliaji liandikwe juu ya jalada. Kila mwaka twasoma katika mkutano huu majina ya wanachama waliotutoka, kisha twasimama kimya. Pamoja na kila jina zimekwenda hadithi ambazo hakuna aliyeziandika. Zilizosalia ziko katika vifua vyenu. Na mzazi asiyejua kusoma asidhani hana kazi: masikio anayo. Akimwambia mwanawe, "Nisomee kidogo, nipate kusikia," amemfanyia jambo kubwa.

Nakuja sasa kwenye lango. Silidharau. Lango zuri ni heshima, na jina la Chama likichongwa juu yake litaonekana na wapita njia. Lakini mawe yaweza kungoja mwaka mmoja au miwili yasiharibike. Mtoto wa Gredi ya Tatu hangoji. Mwaka ujao yuko Gredi ya Nne, na asipokwisha kuonja utamu wa kitabu sasa, ni vigumu kumwonjesha akiwa mkubwa. Samaki mkunje angali mbichi. Lango litasimama mahali pamoja. Kitabu chenye mhuri kitaingia kila jioni katika nyumba nyingine.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu ukubali mambo matatu: akiba ya mwaka huu inunue vitabu vya hadithi na kabati ya kuvitia, Chama kiiandikie halmashauri ya shule kwamba hakitadai malipo ya kitabu kilichopotea au kuchakaa kwa kusomwa, iwapo daftari limetunzwa, na kila mwaka litengwe fungu dogo la kununua vingine badala ya hivyo. Nami naahidi kwamba katika taarifa ya mwaka ujao nitawasomea hesabu mbili, ya vitabu vilivyopotea na ya vitabu vilivyosomwa, nanyi mtapima wenyewe ipi ni nzito.