Anayechomwa Mionzi Haambukizi Mtu

Najua neno fizikia likitajwa wapo wanaoanza kuangalia saa. Subirini kidogo. Leo naongelea kansa, ila siwezi kuiongelea bila kupitia maabara ya fizikia.

Mtaani tunasema mgonjwa "anachomwa mionzi". Hilo neno "kuchomwa" linatisha kwelikweli. Wapo wanaoikimbia hospitali kwa sababu yake, na wakirudi ugonjwa umeshasambaa. Wapo pia wanaomtengea mgonjwa sahani na kikombe chake, eti atawaambukiza mionzi. Sasa jiulize, mionzi yenyewe inatoka wapi?

Kuna wanafizikia ambao kazi yao ni kutengeneza mashine za kukimbiza chembe ndogo kuliko atomu. Wanazigonganisha ili wajue vitu vyote vimeundwa na nini. Mashine kubwa kuliko zote iko chini ya ardhi, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Ni duara la kilometa 27! Mkimbiaji wa marathoni akilizunguka mara moja ameshapita nusu ya mbio zake.

Lakini mdogo wake ndiye anayetuhusu sisi. Miaka ya 1940, mwanafizikia William Hansen na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitengeneza bomba lililonyooka la kukimbizia elektroni. Walitumia mawimbi ya jamii ile ile ya rada. Elektroni inabebwa na wimbi kama ngalawa inavyosukumwa kwenda pwani, mpaka inafikia mwendo unaozidi asilimia 99 ya mwendo wa mwanga. Ikigonga kipande cha chuma kizito, inatoa eksirei kali sana.

Hansen alifariki mwaka 1949, na mwenzake Edward Ginzton, mzaliwa wa Ukraine, akaendeleza kazi. Hapo hapo Stanford alikuwepo daktari, Henry Kaplan, mwenye tatizo lake. Eksirei za wakati ule zilikuwa dhaifu, nguvu nyingi iliishia kwenye ngozi. Ngozi inaungua, uvimbe ulioko ndani bado unadunda! Eksirei kali inapita ngozi na kufanya kazi yake chini zaidi. Basi daktari na mwanafizikia wakakaa meza moja. London walishatangulia mwaka 1953, na mwaka 1956 mashine ya Stanford nayo ikaanza kutibu. Mmoja wa wagonjwa wake wa mwanzo alikuwa mtoto wa miaka 2 mwenye kansa ya macho. Jicho moja ilibidi liondolewe. La pili lilipigwa mionzi, na mtoto akabaki anaona.

Mashine za aina hiyo zilifika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, mwaka 2018. Mgonjwa analala kitandani, na mashine inamzunguka ikilenga uvimbe kutoka pembe mbalimbali, ili sehemu nzima za mwili zipate mionzi kidogo na uvimbe upate mingi. Ni dakika chache tu, na haumi wakati ule. Kwa kawaida anarudi siku nyingi, wiki kadhaa. Nyuma ya daktari yupo mwanafizikia anayepiga hesabu za kipimo na kuikagua mashine. Akikosea hesabu anaumia mtu, kwa hiyo hesabu hizo hukaguliwa tena na tena.

Sasa maswali yenu.

Je, mgonjwa akitoka pale ana mionzi mwilini? Hapana. Mashine ikizimwa mionzi imekwisha, kama taa ya chumbani. Mkumbatie, kula naye sahani moja, lala naye chumba kimoja. Iko tiba nyingine ambayo chanzo cha mionzi huwekwa ndani ya mwili. Hiyo ina masharti yake, na wauguzi watawaeleza nyumbani.

Je, ina madhara? Ndiyo, sitawaficha. Uchovu ni wa kawaida, na ngozi ya pale inapopigwa inaweza kuwa nyekundu au kuwasha. Asipake dawa yoyote kabla ya kuuliza hospitali.

Na nywele je? Dada mmoja kauliza hili kwa sauti ya chini kabisa. Mionzi hunyonyoa nywele za sehemu iliyopigwa tu. Mama anayetibiwa shingo ya kizazi hapotezi nywele za kichwani kwa sababu ya mionzi. Zikinyonyoka, mara nyingi ni zile dawa za dripu anazopewa pamoja nayo.