Ni mbali, ama ni bati?

Mazungumzo na kikundi cha vijana, Takawiri

Nasikia kamati yataka kununua kisanduku cha pili cha waifai, eti ofisi iko mbali na kile cha kwanza. Ngojeni kidogo. Pesa hizo ni za sadaka, tupime kwanza.

Kompyuta ya kubeba husoma nguvu ya mawimbi kwa desibeli, yenye alama ya kutoa. Simama mita 1 kutoka kisanduku, uandike. Tuseme ni -40. Mahali wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, zinapungua desibeli 6: mita 2 ni -46, mita 4 ni -52, mita 8 ni -58.

Lakini hiyo ni pale ufuoni, kwenye mchanga mtupu. Bati hurudisha mawimbi yalikotoka. Hata mwili wako huyapunguza. Geuka tu uone. Kwa hivyo someni mara kadhaa mkigeuka, mchukue wastani, kisha mnyooshe kamba ya wavu hadi kisanduku. Kamba ikisema mita 10 na kompyuta ikisema 80, hapo shida si umbali, ni bati. Kisanduku tutakihamishia dirishani, na hatujatoa hata shilingi.