Nyumba na Ugomvi wa Vijana Shuleni
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kariakoo)



Mwanafunzi apiganapo, watu huuliza kwanza habari za mwalimu wake na za wenzake. Leo twaomba ruhusa tuulize habari za nyumba atokayo.

Jina la Kariakoo latokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita ya 1914–1918. Hata sasa wengi hapa hurudi kazini usiku, na wapangaji wa nyumba moja hugawana ua na bomba. Neno lisemwalo chumba hiki husikiwa chumba cha pili. Baba akimpiga mama, mtoto wa miaka 14 hana pa kukimbilia ila barazani. Kesho huketi darasani na moyo uliojaa.

Mwaka 1961, huko Marekani, mtaalamu Albert Bandura aliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akipiga sanamu ya mpira. Walioyaona hayo waliipiga vile vile, hata kwa maneno yale yale. Wazee wetu walikwisha sema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Katika uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2009, karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walisema walipigwa au kutishwa kwa silaha kabla ya kutimiza miaka 18.

Nasi makarani tusijitenge. Karani aliyekaripiwa ofisini hawezi kumjibu mkubwa wake. Ghadhabu yake humwangukia mtoto aliyevunja kikombe. Mtoto naye hamwezi baba. Humtafuta aliye mdogo kwake shuleni. Hivyo hasira hushuka ngazi kwa ngazi, na wa chini kabisa ndiye aadhibiwaye.

Hatusemi kila aliyepigwa huwa mgomvi. Wengi hawawi, hasa wapatapo mtu mzima wa kuwasikiliza. Wala hatusemi mtoto aachwe bila adabu. Adabu ni mafundisho. Kipigo cha hasira ni hasira tu.

Basi twaleta mashauri matatu. Kwanza, mzazi aitwapo shuleni aende mwenyewe, asimtume jirani. Pili, asimwambie mwalimu, “Mchape tu,” bali amweleze kweli yaliyoko nyumbani. Tatu, Chama kiteue wanachama wawili, mume na mke, wa kusema na wazazi kabla mwanafunzi hajafukuzwa. Kwa maana afukuzwaye na shule na nyumba hupokewa na njia.

Tumekwisha. Twangoja maoni yenu.