Kubisha, Joshi na Gereza: Msamiati wa Mwambao wa Kilwa



Mada yangu ni safari ya mashua ya tanga kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani, umbali wa takribani kilometa 2. Nadai kwamba safari hii fupi ni somo zima la leksikografia.

Msimu wa kusi, upepo hutoka kusini, nako ndiko kiliko kisiwa. Kwa kuwa mashua haiwezi kukabili upepo moja kwa moja, nahodha hubisha: huenda mshazari, mara upande huu, mara upande ule, hadi afike. Anayejua kubisha kwa maana ya kupinga kauli tu, hapa ataona maana hizo mbili zinavyokaribiana. Upande upokeao upepo ni wa joshi. Wa pili ni wa demani. Demani ni pia kamba ya tanga, na tena ni msimu ambapo kusi hupungua nguvu.

Tukishuka pwani tunalakiwa na ngome iitwayo Gereza. Neno hili limetokana na igreja ya Kireno, yaani kanisa. Wareno walijenga ngome hapa mwaka 1505, lakini jengo la leo kwa sehemu kubwa ni la zama za Waomani. Mashariki yake iko Husuni Kubwa. Husuni kwa Kiarabu ni ngome, ilhali magofu yale, pamoja na birika lake la pembe nane, ni ya kasri la karne ya 14, karne ambayo Ibn Battuta alizuru Kilwa, mwaka 1331. Hivyo, jina la mahali lisichukuliwe kuwa ushahidi wa matumizi yake ya awali.

Magofu haya yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kati ya 2004 na 2014 yakawa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Maneno ya tanga hayana orodha kama hiyo. Nahodha amepata kazi katika timu ya soka, rubani katika ndege, usukani katika gari. Joshi halijapata kazi nchi kavu, na mashua ya injini haina haja ya kubisha. Wanafunzi wetu na wayakusanye maneno haya chomboni, tanga likiwa juu, wakimsikiliza nahodha anapoyatamka kazini.