Kuulizwa Kabla ya Bei Kupanda



Tuanze na karatasi ndogo. Tununuapo umeme wa LUKU, risiti huonyesha makato yake: kodi ya ongezeko la thamani, Wakala wa Nishati Vijijini asilimia 3, na EWURA asilimia 1. Wengi wetu huitupa. Walakini ile asilimia moja ina neno zito: Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kuanza kazi mwaka 2006, hugharimiwa na sisi watumiaji. Tukiitaka itujibu, hatuombi hisani.

Sheria hiyo huiamuru isipange bei kabla ya kufanya taftishi, yaani kuwasikiliza mtoa huduma, watumiaji na wadau wengine. Ni agizo jema. Lakini katika mikutano hiyo mtoa huduma huja na wahasibu, wahandisi na makabrasha mazito, mara nyingi ya Kiingereza. Mama lishe huja na manung'uniko yake tu, au haji kabisa. Baraza la Ushauri la Watumiaji liliwekwa kisheria limsemee, nalo haliwezi kusema asilolisikia kwake. Kwa maoni yetu, muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili, uliobandikwa mapema katika ofisi za kata, ungefaa kuliko matangazo mengi ya redio.

Tena uwazi hauishii mkutanoni. Mwishoni mwa mwaka 2016, baada ya taftishi, EWURA iliidhinisha bei ya umeme ipande kwa takriban asilimia 8.5, chini ya nusu ya kiwango kilichoombwa na TANESCO. Kabla bei hiyo haijaanza kutumika tarehe 1 Januari 2017, Waziri aliisitisha, na Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO akaondolewa kazini. Wengi walishangilia, na nani awalaumu? Mfuko wa maskini ulinusurika. Hata hivyo tujiulize: hoja zilizotolewa mbele ya watu zilikwenda wapi? Asiyeridhika na uamuzi wa EWURA amewekewa Baraza la Ushindani, ambako hoja husikilizwa na sababu huandikwa. Bei iliyozuiwa kwa amri ya siku moja yaweza kupandishwa kwa amri ya siku moja vilevile, na siku hiyo hatutakuwa na pa kusimamia.

Kwa hiyo Tume inaiomba kila parokia ichague watu wawili, mmoja mjuzi wa hesabu na mwingine aliyezoea kupanga foleni ya ndoo. Wakusanye ankara za maji za miezi sita kutoka katika Jumuiya Ndogo Ndogo, waandike tarehe ambazo mabomba yalikauka, kisha wazilinganishe na kiasi kilichodaiwa. Maandishi hayo yapelekwe kwenye taftishi ya kwanza itakayotangazwa mkoani, na nakala ibaki kwa katibu wa parokia.