Fedha ya Kukumbuka Miji Yetu Ipite Sokoni

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wapenzi wa Chama, Lukozi)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mlioacha magunia ya kabichi na karoti pale sokoni mkaja kutusikiliza,

Tumekuja kuzungumza habari ya fedha. Si namna ya kuipata, maana hiyo mnaijua kuliko sisi, bali sura iliyopigwa juu yake. Kila mtu na atie mkono mfukoni. Katika shilingi hamsini ataona kifaru na mtoto wake. Katika mia, swala wanaokimbia. Katika mia mbili, simba. Katika mia tano, nyati. Upande wa pili mna viongozi wetu. Ni vizuri, wala hatuna ugomvi na nyati. Lakini twauliza: je, nchi hii haikujenga miji?

Ilijenga, tena mmoja wao ulipiga fedha yake wenyewe. Kilwa Kisiwani ilifua sarafu za shaba karne kadhaa kabla ya Mreno kuivamia mwaka 1505. Juu yake liliandikwa jina la Sultani kwa hati za Kiarabu, na maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, upande huu ukioana kwa vina na upande ule. Miongoni mwa masultani hao alikuwamo al-Hassan bin Suleiman, aliyejenga Husuni Kubwa, na ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331. Sarafu moja yenye jina lake imepatikana Zimbabwe Kuu. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tano za Kilwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yake. Zilivyofika huko wataalamu wanabishana hata leo. Nasi tunataka mshike jambo moja: hizo zilikuwa shaba ndogo ndogo. Jina la mji lilisafiri kwa fedha ya kununulia samaki.

Watawala wa kigeni waliijua sana nguvu ya sura. Siku za Kimweri ye Nyumbai, watu wa milima hii walipeleka Vuga mifugo na mazao yao. Mwaka 1898 Mdachi akaleta kodi ya nyumba, ikalipwa kwa rupia yenye kichwa cha Kaisari wao amevaa kofia ya chuma. Mtu asiyekuwa na kichwa hicho alikwenda kukitafuta kwenye shamba la setla. Ndivyo fedha ilivyopanda milima yetu. Mwaka 1916, vita vilipowabana, Wadachi walifua fedha Tabora, ndani ya karakana ya reli: dhahabu yenye tembo, na shaba nyeupe na nyekundu zilizokusanywa popote zilipopatikana. Waliweka na herufi T, alama ya Tabora. Mji wetu ukawekwa kwenye fedha ya Mdachi kwa herufi moja tu!

Akaja Mwingereza na wafalme wake, na senti ya tundu yenye pembe mbili za ndovu. Tulipopata Uhuru mwaka 1961 tuliendelea kutumia fedha ya Bodi ya Afrika Mashariki, mpaka Benki Kuu yetu ilipofunguliwa tarehe 14 Juni 1966. Ndipo tukapata samaki, mbuni, sungura katika sumni, na Mwenge katika shilingi. Wazee waliopo hapa wanaikumbuka furaha ile.

Sasa, sarafu za ukumbusho. Mwaka 1974 zilipigwa za fedha zenye twiga na kifaru, na moja ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye duma. Zilipigwa kwa ajili ya kuhifadhi wanyama, na wanunuzi wake walikuwa wale wenye kukusanya sarafu duniani. Nani wa Lukozi aliishika? Tunajua jibu watakalotupa: sarafu za namna hiyo huingiza fedha za kigeni. Hatulikatai, na wauziwe. Lakini sarafu iliyolala katika kijaluba cha tajiri wa Ulaya haimkumbushi chochote mtoto wa Mtae. Poland, kuanzia mwaka 2005, walipiga zloti mbili zenye miji yao ya kale, nazo zilikuwa fedha halali ya kununulia mkate. Kumbe yawezekana.

Kwa hiyo tunapendekeza tawi hili liandike azimio: Benki Kuu iombwe kutoa sarafu ya ukumbusho wa Kilwa kwa thamani ndogo, ile anayorudishiwa mtu akinunua chumvi, yenye maelezo ya Kiswahili. Baada ya Kilwa, Vuga. Msicheke. Vuga haikuwa na kuta za mawe, lakini Krapf alipopanda huko mwaka 1848 alikuta makao ya mfalme ambaye amri yake ilisikilizwa mpaka pwani. Kama mji ni lazima uwe na magofu ndipo ukumbukwe, basi miji ya bara yote imekwisha kufutwa.

Swali gumu ni picha. Je, iwekwe nyumba ya msonge, au ngoma, au mlima wenyewe? Hapo sisi wageni tunanyamaza. Katibu ana daftari. Wazee waliosimuliwa Vuga na babu zao waanze wao kusema.